Safi kama Kibuyu cha Maziwa

Nilizaliwa na uvimbe mgongoni, chini kabisa kiunoni, umefunikwa na ngozi laini. Siku hizi madaktari wanauita mgongo wazi. Kwetu Matongo, miaka ile ya hamsini, haukuwa na jina. Watu waliona mguu wangu wa kushoto uliopinda wakadhani shida yangu ni mguu. Laiti ingekuwa mguu. Shida ilikuwa mkojo. Ulitoka wenyewe, tone kwa tone, bila mimi kuhisi, na mwingine ulibaki ndani na kuharibika.

Mama alinifunga vitambaa alivyochana kutoka kanga kuukuu, akavifua mtoni kabla wenzake hawajafika kuchota maji. Shuleni nilikaa peke yangu karibu na mlango. Mwalimu alisema ni kwa ajili ya mguu, nisipate taabu ya kupita katikati ya madawati, nami nilimshukuru kwa uongo huo. Nilikuwa nimejizoeza kutokunywa maji. Asubuhi sinywi, mchana sinywi, narudi nyumbani midomo imepasuka. Nilijiona mjanja sana, kumbe najichimbia kaburi.

Nilipofika miaka kumi na mmoja nikashikwa na homa ya kutetemesha meno. Ubavu uliuma, mkojo ukawa mzito na wenye harufu mbaya. Baba alinipakia kwenye baiskeli mpaka barabarani, Mama akikimbia nyuma, tukapata lori lililotufikisha mimi na Mama hospitali ya misheni, Baba akarudi na baiskeli yake. Aliyetupokea alikuwa sista wa Kizungu, mwembamba, asiyejua kubembeleza mtu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini Kikurya hakujua hata salamu, na Mama alijua Kikurya tu. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Kwa hiyo mkalimani wa ugonjwa wangu nikawa mimi mwenyewe.

Sindano zilishusha homa. Kisha Sista akatoa mpira mwekundu, mwembamba kama bua la ulezi, akamwonyesha Mama jinsi ya kuuingiza taratibu kwenye njia ya mkojo ili mkojo uliobaki utoke wote. Mama alijifunza kwa macho. Mikono yake ilizoea ng'ombe wakorofi na ndama wachanga, haikutetemeka. Siku ya tatu alikuwa anafanya mwenyewe, Sista amesimama kando tu.

Tulipoagwa, Sista alinishika bega pale barazani.

"Mwambie mama yako hivi. Asubuhi na jioni, kila siku. Anawe mikono kwa sabuni. Mpira uchemshwe kila mara, kwenye sufuria yake peke yake. Saa hamna? Basi maji yakishatokota, aseme Baba Yetu mara ishirini, polepole, ndipo autoe. Na wewe unywe maji mengi. Homa hii ikirudi na kurudi, figo zitakufa, na zikifa, na wewe utakufa. Umesikia? Mwambie yote."

Nilisikia yote. Lakini wakati anasema sufuria, mimi nilimwona mama mkubwa, yaani mke wa kwanza wa baba yangu. Tulipika uani, moto mmoja kwa nyumba zote, na mama mkubwa hakuwahi kupita chungu bila kukifunua. Alikwisha kuwakataza wanawe wasile sahani moja na mimi kwa sababu ya harufu. Niliwaza mpira wangu ukielea kwenye maji mbele ya macho yake, asubuhi na jioni, muda wa Baba Yetu ishirini. Nikaona heri nife.

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

"Anasema uwe safi sana. Na ninywe maji."

"Safi kama nini?"

Hapo nilikuwa bado na nafasi. Nikamjibu, "Safi kama kibuyu cha maziwa."

Kwa Mkurya hakuna kitu safi kuliko hicho, na Mama alisifika kwa vibuyu vyake. Alivisuuza kwa mkojo wa ng'ombe uliokingwa alfajiri, kisha akavifukiza kwa kijiti kinachowaka mpaka ndani pakanukia moshi. Maziwa yake yalikaa siku nyingi bila kuharibika. Basi mpira wangu ukapata heshima hiyohiyo. Aliusuuza kwa mkojo wa ng'ombe, akaupitisha kwenye moshi, akauviringisha ndani ya kitambaa. Cheka ukitaka. Kama maziwa yalisalimika, kwa nini mwanawe asisalimike? Hakuna aliyetuona, nami nilifurahi.

Siku ya kumi na mbili homa ilirudi, mbaya kuliko ya kwanza. Safari hii sikumbuki lori. Nakumbuka Mama akiniita, na mimi naona uvivu kuitikia.

Nilipopata fahamu, Sista alikuwa ameshika ule mpira karibu na pua yake.

"Muulize anauosha vipi."

Nikamuuliza. Mama akaeleza kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, kwa fahari kidogo, kama mtu anayejua kazi yake. Nami nikatafsiri, maana sikuwa na nguvu za kutunga kingine. Uso wa Sista ukawa mwekundu.

"Nilisema uchemshwe. Mwambie nusura akuue."

Hilo sikulitafsiri. Lakini Mama alikuwa na macho. Mikono yake ilishuka mapajani.

"Nimekosea wapi?"

"Anasema mkojo wa ng'ombe haufai. Anasema uchemshwe." Nikamweleza ya sufuria, ya sabuni, na ya Baba Yetu ishirini. Sasa nilisema yote.

"Mbona mara ya kwanza hakusema?"

Sista alituangalia wote wawili, haelewi neno. Nilikuwa katikati yao, na kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli.

"Labda alidhani tunajua," nikasema.

Mama alitikisa kichwa. "Hapana. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. Mama gani haulizi?"

Tuliporudi nyumbani alinunua sufuria ndogo, akaibandika uani jioni ileile. Mama mkubwa alikuja akafunua.

"Mnapika nini?"

"Mpira wa kumtolea mwanangu mkojo," Mama alisema. "Funika, usiingize vumbi."

Mama mkubwa akafunika, akaendelea kupepeta ulezi wake. Basi. Jambo nililokuwa radhi kulifia liliishia hapo.

Mama hakuwa mtu wa kanisa. Ilibidi nimfundishe Baba Yetu kwa Kiswahili, neno moja moja, naye akaweka vijiwe ishirini kando ya moto, kila akimaliza anahamisha kimoja. Jioni moja alisimama katikati ya sala.

"Hapa tunaomba nini?"

"Tunaomba tusamehewe makosa."

Aliangalia mvuke. Tangu siku hiyo, akifika hapo, sauti yake ilishuka na maneno yakaenda polepole zaidi. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni, miaka yote mpaka nilipokuwa mtu mzima wa kujichemshia mwenyewe. Homa ilirudi mara chache, lakini figo zangu hazikufa.

Mama amekwisha kufa. Hakuna aliyemwambia kwamba Sista alisema yote siku ya kwanza. Nilikaa karibu naye pale motoni, na kikombe changu cha maji mkononi, nikimsikiliza akiomba msamaha wa kosa langu, nikanywa maji yangu nikanyamaza.