Ndege Wameshakula

Asubuhi hii mjomba wangu amepiga simu kutoka kijijini, huko Gujarat, India, akanikuta jikoni kwetu Dixon, mtaa wa Toronto, nikimimina chai. Hata salamu hakutoa. Alisema tu, "Ndege wameshakula." Nikakaa kitini, macho yakanijaa machozi. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, kwa nini.

Nilizaliwa Tanga, lakini nilipoanza kung'oka meno ya utoto mama alinipeleka kwa mama yake kijijini, maana nilikuwa nimeshamshinda kwa utundu. Bibi naye alikuwa ameishi Tanga miaka mingi, mke wa mwenye duka. Alipofiwa alirudi kwao na Kiswahili chake chote. Alikuwa akinigombeza kwa Kiswahili mbele ya wakulima wasiojua hata neno moja, nao wakadhani ananibembeleza.

Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo. Kulikuwa na bwawa ambamo nyati wa maziwa walilala mchana kutwa, pua tu nje, na kisima chenye pampu ya dizeli iliyokohoa tangu alfajiri. Katikati ulisimama mnara wa ndege. Usifikiri ni mnara wa ajabu: nguzo ya mawe tu, juu yake kijumba cha mbao chenye vibaraza pande zote, na ngazi ya kupandia. Uwele ukishapurwa na kupepetwa, debe la kwanza lilikuwa la ndege, ndipo watu wapime lao. Nyumba zilipeana zamu ya kuwapelekea asubuhi, na siku ya zamu yenu hakuna aliyetia kitu kinywani mpaka ndege wale.

Bibi hakungoja zamu. Kila siku alinituma juu na bakuli lake, hata mwaka ule mvua ilipotukimbia na majirani wakaanza kunong'ona. Nikishuka aliniuliza, "Wameshakula?" Nikiitikia, ndipo alipovuta kikombe chake cha chai. Kisha ulikuja mkate wa uwele, mzito, una alama za vidole vyake, siagi ikiyeyuka juu na kipande cha sukari guru pembeni. Jiko lilinuka moshi wa mavi makavu ya nyati. Cheka ukitaka, mimi harufu ile naitamani mpaka leo.

Miaka ikapita, sisi tukahamia Toronto. Magoti ya Bibi yalipochoka, mama akamleta akae nasi ghorofani. Wiki ya kwanza tu akamwaga mchele kwenye baraza, na njiwa wa Dixon nzima wakapata habari. Jirani wa chini yetu, mama wa Kisomali aliyekulia Mombasa, alipanda na zulia lake kwapani.

"Bibi, mimi nakupenda," alisema, "lakini hebu tazama hawa wageni wako walivyonifanyia!"

Msimamizi wa jengo naye akaja, uso umemkunjamana. Bibi akaacha kumwaga mchele. Lakini aliacha na chai pia, na mkate, na kila kitu cha asubuhi.

Hapo tukaingiwa na hofu ya kweli, maana Bibi alikuwa na kisukari na dawa zake hazikutaka tumbo tupu. Mama alibembeleza, akafoka, akalia. Bibi alitazama dirishani tu. Siku ya pili mikono yake ilianza kutetemeka, na mama akakimbilia simu kumpigia kaka yake. Asubuhi yetu ni jioni yao, kwa hiyo ndege wa kijijini wangekuwa wamekula zamani.

"Mama, ndege wameshakula," mjomba alisema.

Bibi akavuta kikombe. Tangu hapo mjomba hakukosa kupiga simu hata asubuhi moja.

Nilipopata likizo ya kwanza kazini nilikwenda kijijini. Mashamba yote yalikuwa pamba, nyeupe mpaka kwenye kuta za nyumba. Uwele haukulimwa tena. Pampu ilikuwa kimya, bwawa limebaki tope, na kijumba cha ndege kimejaa utando wa buibui. Nilimgeukia mjomba. Aliinamisha kichwa.

"Ndege hawali pamba," alisema. "Na mama yangu lazima ale."

Niliumia, lakini sikuweza kumkasirikia. Nilikwenda mjini nikanunua uwele, nikaazima ngazi, nikapanda. Siku ya kwanza hakuja hata shomoro. Siku ya pili walikuja njiwa, na kasuku wawili wakashuka kugombana nao.

Niliporudi Toronto, Bibi alikuwa mezani na kikombe mbele yake.

"Wameshakula?"

"Wamekula, Bibi."

"Kasuku walikuja?"

"Walikuja wawili, wakawafukuza njiwa."

"Waroho wale!" Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akanywa chai yake yote, kisha akasema taratibu, "Miaka yote hii mjomba wako hajanitajia kasuku hata mara moja. Wewe usimwambie kitu. Anataka nile."

Bibi ametutoka kabla ya theluji ya mwaka huu. Uwele umekwisha, bwawa limekwisha, na sasa hakuna tena wa kuniuliza swali lile kabla sijanywa chai. Nilidhani na simu ingekwisha. Kumbe mjomba, kwa saa ile ile, bado anatafuta mtu wa kumwambia.

Sikumuuliza habari za kasuku. Nilisema, "Asante, mjomba," nikavuta kikombe changu.