Shimo Walilolifuta Kwenye Ramani

Usinicheke. Wamenicheka wa kutosha, na kila ninaposimulia haya hasira hunipanda upya. Kwa hiyo nitayasema kama yalivyotokea, bila kuongeza chumvi. Ukiamini, vizuri. Usipoamini, sikiliza hivyo hivyo, maana siku moja miguu yako inaweza kukufikisha kule.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Igurwa, mtoto wa wakulima wa kahawa na migomba. Nachora ramani kwa mkono, penseli kwanza, kisha wino. Miaka michache iliyopita bwana mmoja wa mjini, mwenye shughuli ya kutembeza wageni, alinifuata. Alitaka kitabu cha kuwaongoza wanaopenda kutembea kwa miguu kwenye vilima vya nyasi, kuanzia huku kwetu Karagwe mpaka Kyerwa. Yeye aandike maelezo, mimi nichore njia. Nilifurahi. Nani asingefurahi?

Nilifikia Kihanga kwa Ma Editha, mama mfugaji, mwanakwaya wa Kilutheri, mtu wa maneno makavu. Kila alfajiri nilitoka na daftari na dira, nikihesabu hatua zangu kwenye njia za ng'ombe. Siku ya nne nilifika kwenye bonde pana lisilo na hata kibanda. Nikaketi juu ya jiwe, nikaandika katikati ya karatasi: "Nyika tupu. Hakuna watu."

"Nani kakwambia hakuna watu?"

Nikageuka. Utasema mambo haya hutokea usiku wa manane. Mimi yalinikuta saa moja asubuhi, jua limeshachomoza, ukungu bado umelala bondeni. Nyuma yangu alisimama bibi mrefu, mwembamba, amejitanda shuka la kahawia, ameshika fimbo ya kuchungia.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Hakuitikia. Hebu niambie, ni bibi gani wa kwetu asiyeitikia shikamoo? Nilidhani nimemuudhi tu. Na kweli alikuwa ameudhika.

"Inuka. Andika," akasema, akatangulia.

Nikamfuata. Sijui kwa nini, nikamfuata tu. Alichoma fimbo kwenye nyasi: "Hapa alikaa Kaijage na wake zake. Andika." Hatua chache mbele: "Hapa palikuwa zizi la baba yangu. Andika!" Mwanzoni sikuona kitu. Kisha macho yakazoea. Kulikuwa na mawe yaliyopangwa duara, na minyaa mizee iliyosimama mstari kama ua wa boma. Nikaona aibu, nikaandika.

Ghafla fimbo ikanikinga kifuani.

"Usikanyage."

Nikapiga magoti, nikapekua nyasi kwa mikono. Chini yake palikuwa na shimo, kisima cha kale cha kunyweshea ng'ombe, kina chake mara mbili ya urefu wa mtu, mdomo wote umefunikwa na majani. Mguu mmoja zaidi, ningekuwa ndani. Nilichora shimo lile, nikachora na njia inavyolizunguka. Nilipoinua kichwa nishukuru, hapakuwa na mtu.

Nikapanda kilima mbio. Juu nikasimama, nikatazama nilikotoka. Unajua nyasi zenye umande, mtu akipita huacha mstari mweusi. Niamini, mstari ulikuwa mmoja. Wangu.

Ma Editha alikuwa anakamua. Nilipomsimulia, aliacha.

"Fimbo aliishika mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Kokugonza," akasema. "Shangazi wa babu yangu. Alitumbukia mle akimfuata ndama, wakampata siku ya tatu, ameshakufa. Na wewe, mwalimu mzima, unaandika hakuna watu, bila hata kuniuliza mimi ninayekupikia?"

Usiku ule nilichora upya karatasi nzima, pamoja na majina ya wenye maboma, shimo, na kona ya njia. Nikampelekea yule bwana.

Kitabu kilipotoka, nilikimbilia ukurasa wa bonde lile. Majina hayapo. Shimo halipo. Njia imenyooka kama rula, katikati ya bonde! Nikampigia simu.

"Mwalimu, njia yako ilijipinda bila sababu, nimeinyoosha," akasema. "Na habari za mashimo zitawatisha wageni."

"Shimo lipo! Nimeliona kwa macho yangu!"

"Alikuonyesha nani?"

Nami, mjinga, nikamwambia ukweli. Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akakata simu.

Nilijiambia shule zikifungwa nitakwenda mwenyewe kulizungushia mawe. Hasira yangu nyingine ni hiyo, najikasirikia mwenyewe. Kwa nini nilingoja? Wiki mbili kabla ya likizo, muuguzi mmoja kutoka Singida, Jovitha, alipita pale akiwa peke yake na kitabu mkononi. Akatumbukia. Nyonga ikavunjika.

Nilipopata habari nilimfuata hospitalini, nikamwambia ramani ile niliichora mimi. Nilijitayarisha kutukanwa, lakini yeye aliuliza jambo jingine.

"Mwalimu, yule bibi ni nani? Kutwa nzima alisimama juu ya shimo akinigombeza kwa lugha yenu ya huku, Kinyambo. Sikuelewa hata neno. Nikifumba macho, anagonga fimbo kwenye mawe nishtuke. Hakuniacha nilale mpaka wachungaji wa ng'ombe waliponisikia wakaja kunitoa. Nataka nikamshukuru."

Nililia mbele ya wagonjwa wote.

Leo Jovitha anatembea kwa gongo. Yule bwana hajaomba radhi, na kitabu bado kinauzwa. Mimi na jamaa za Ma Editha tulilizungushia shimo ukuta wa mawe. Sifanyi tena kazi na yule bwana, na shuleni walimu wenzangu huniita Mwalimu wa Mizimu. Waite. Kila nikikutana na mtu ameshika kitabu kile, namnyang'anya bila kuomba ruhusa, nachora shimo kwa wino mwekundu, namrudishia. Wengine hunitukana.

Nawe sikia. Ukija kutembea kwenye vilima vyetu, piga hodi boma la mwisho kabla ya nyasi, uulize njia kwa wanaoishi pale. Usiamini mstari ulionyooka. Na kama bibi mwenye fimbo atakutokea ukunguni akufokee, usibishane naye wala usimkimbie. Simama hapo hapo ulipo.