Wingu Jeupe la Jupita

Watu wa hapa Sosiot wakisikia nasoma hali ya hewa, huniuliza mvua ya mawe itakuja lini kuharibu majani yao ya chai. Nimechoka kuwaeleza kwamba hewa ninayoisoma ni ya Jupita, sayari kubwa kuliko zote, na kwamba kuhusu chai yao sijui lolote.

Kazi yenyewe ni kukodolea picha macho. Chombo kinachoizunguka Jupita huisogelea, huipiga picha, kisha huenda mbali kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi. Mimi hutafuta wingu lile lile katika picha mbili, nikapima limesogea wapi, ndipo nikajua upepo wa pale. Nilichagua doa moja jeupe la wingu upande wa kusini. Tasnifu yangu nzima ikalitegemea.

Mama ndiye aliyelipenda. Alijua sina kazi, na kwamba shahada hii ndiyo tumaini nililobaki nalo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuna chai, aliinama nyuma ya kiti changu.

"Ile wingu yako iko sawa?" aliuliza, kama anayeulizia mgonjwa. Nami nilimjibu iko sawa, Mama. Hata kanisani aliliombea, nami nikamcheka.

Juzi msimamizi wangu aliniandikia kutoka chuoni. Doa ninalolifuata sasa, alisema, silo lile nililoanza nalo. Umbo halilingani. Lile la kwanza lilimezwa na dhoruba nyingine chombo kikiwa mbali, na hili ni jingine lililozuka karibu na pale. Vipimo vyangu vyote ni bure. Nianze upya, na muda wa kuanza upya umeshakwisha. Nilifunga kompyuta nikalia, na sikupata nafuu yoyote kwa kulia.

Mama alirudi kutoka kituo cha kununulia chai, kikapu kitupu mgongoni, akauliza habari za wingu. Nikamwambia limekufa, na masomo yamekufa nalo. Hakunipa pole. Alitua kikapu, akaketi karibu nami jinsi anavyoketi matangani.

"Ilikufa lini?"

Sikujua. Hakukuwa na picha ya siku hiyo. Ninachojua ni kwamba asubuhi ya siku ile, kama asubuhi nyingine zote, nilimwambia liko sawa.