Kamba ya Biju

Harufu ya spiriti inanikasirisha hadi leo. Muuguzi akinipaka pamba begani, hudhani naogopa sindano, ananiambia nipumue polepole. Siogopi sindano. Harufu hiyo inanirudisha kwenye jiko letu la Cimpunda nilipokuwa na miaka tisa, siku tonton Murhula, kaka yake mama, alipoweka termosi ya barafu juu ya meza tuliyozoea kuchambulia sombe, majani ya muhogo, akamkamata mbwa wetu kwa ngozi ya shingo na kumchoma sindano yake ya kwanza. Mbwa alikuwa na wiki nane. Tonton, aliyekuwa akitibu mifugo huko Katana, alikuwa amemleta kwenye kikapu cha ndizi, bado ananuka maziwa ya mama yake, na mimi nikampa jina la Biju. Mvua ilikuwa inagonga mabati kwa nguvu, ikabidi tonton apaze sauti ndipo nisikie alichokuwa akinieleza.

Alinieleza mimi, si baba wala mama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimemshika Biju miguu. Sindano hii, alisema, ni ya ugonjwa wa kuhara damu na ule wa makamasi unaopanda kichwani, magonjwa yanayomaliza watoto wa mbwa. Itarudiwa wiki ya kumi na mbili, pamoja na ya kichaa cha mbwa, kisha itarudiwa tena wiki ya kumi na sita. Baada ya hapo Biju atapumzika mpaka atimize mwaka, halafu atachanjwa kila mwaka maisha yake yote. Vitabu vya chanjo vya mbwa vilikuwa vimemwishia, basi akachukua kadi ya watoto wachanga, ile wanayopewa akina mama kwenye kilo, yaani siku ya kupima uzito na kuchanja watoto. Alikata maneno "jina la mtoto" kwa kalamu, akaandika Biju, akapanga tarehe zote tatu kwenye vyumba vya kadi hiyo. Kadi ya mtoto mchanga haina nafasi ya utu uzima, kwa hiyo pembeni, kwa herufi kubwa, akaandika: KILA MWAKA.

"Usisahau, maman," aliniambia, kama kwetu wanavyombembeleza mtoto wa kike. "Hata akizeeka."

Sikusahau. Nilizitia tarehe hizo kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani, na tonton alirudi mara zote mbili na termosi yake. Biju akakua, akawa na kifua kipana na sikio moja lisilotaka kusimama. Kila alasiri alinisubiri kwenye ngazi za udongo nikitoka shule, na nilipochelewa alishuka kunitafuta mpaka kwenye bomba la maji. Kisha tonton akahamishiwa Luberizi, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga, na kabla ya kuondoka akatuambia kwamba chanjo ya mwaka tutaipata hapa hapa mjini. Kweli, Biju alipotimiza mwaka, padri alitangaza misani kwamba Jumapili inayofuata waganga wa mifugo watachanja mbwa uani mwa parokia, bure, mara moja tu. Nilitoka kanisani mbio, nikamsubiri baba mlangoni.

Baba alikuwa mtu wa ofisi. Mashati yake mama aliyapiga pasi ya makaa kila asubuhi, na kravati hakuivua mpaka wakati wa kula. Alinisikiliza, akaiomba kadi, akaitazama upande mmoja tu. "Karte imeshajaa," alisema. "Mutoto akisha maliza chanjo ya surua, nani anamurudisha ku kilo? Huyu naye alimaliza." Nikamwonyesha maneno ya pembeni. Akasema yale ni mawazo ya Murhula. Nikasema basi nitampeleka mwenyewe. Akasema binti yake hatakokota mbwa barabarani. Jioni ile niliwasikia wakibishana chumbani na mama, na hapo nikajua kwamba surua ilikuwa kisingizio. "Miye na kravati yangu," alisema baba, "nikokote imbwa mbele ya parokia, batu bote banitazame?" Jumapili ile nilikaa uani na Biju miguuni pangu, nikisikia mbwa wa majirani wakibweka njia nzima wakienda na kurudi.

Haukupita mwezi, mbwa mwenye kichaa akamng'ata mtoto chini ya mtaa wetu. Yule mtoto alikimbizwa hospitali, akapona, lakini hofu ilishaingia. Ikaamriwa kwamba kila mbwa asiye na muhuri wa chanjo ya mwaka huo achukuliwe na kuuawa. Waliokuja kwetu walikuwa wanaume wawili, alasiri, baba ameshatoka kazini. Aliwapokea kwa adabu zake zote, akawapa kadi. Mmoja akaigeuza huku na huku. "Hapa baliandika kila mwaka, papa," alisema. "Ya mwaka huu iko wapi?" Mimi ndiye niliyesema: tungojeeni, tutamupeleka. Yule mtu hakuwa mbaya, hata aliinama ili anitazame usoni. "Chanjo ilipita, mama. Ingine hatujue siku gani."

Biju hakukubali kuwafuata wageni, aliwaonyesha meno. Basi baba alichukua kamba msumarini, akamfunga mwenyewe, akamshusha mpaka chini kwenye gari lao. Alishuka ngazi zote zile na kravati yake shingoni, majirani wamesimama milangoni wakitazama, na Biju mbele yake anatikisa mkia, kwa sababu baba hakuwahi kumtembeza hata siku moja. Nililia mpaka nikatapika. Baba alirudi na kamba mkononi, akaitundika palepale, akanawa, akaomba chai. Nilimchukia. Nasema nilivyohisi, sipambi. Angeweza kuiona aibu hiyo Jumapili moja asubuhi, mara moja kwa mwaka, na Biju angeishi. Badala yake aliiona ileile, mbele ya watu walewale, na kisha tukabaki na kamba tupu.

Leo mimi ndiye mtu wa ofisi. Nina nyumba, nina geti, nina mbwa anayeitwa Sifa, na mganga wake ana friji inayofanya kazi hata umeme ukikatika. Simu hunikumbusha tarehe, ingawa sihitaji kukumbushwa. Sindano tatu za utotoni Sifa alizipata kwa wakati, ya mwaka wa kwanza vilevile, na kila mwaka chanjo ya kichaa inapotangazwa parokiani huenda naye kwa miguu, nimevaa nguo zangu za kazi, kwa makusudi, katikati ya barabara. Baba anaishi nami tangu mama afariki. Kwa miaka yote hii hajawahi kulitamka jina la Biju, na mimi sijawahi kumwambia yamekwisha, maana hayajaisha.

Mwaka huu, asubuhi ya chanjo, nilimkuta getini. Viatu amevipiga rangi, kravati ameifunga, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine ameunyosha kwangu. "Nipatie kamba, Nsimire," alisema. "Leo nitamupeleka miye." Nilidhani moyo wangu utalainika, nikaungoja kidogo, haukulainika. Nilichokiona ni zile ngazi, na mkia wa Biju.

"Hapana, papa," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelijua jibu kabla hajauliza, lakini hakuondoka getini. Nikafungua mkoba, nikatoa kitabu cha chanjo cha Sifa, nikampa akishike. Alikishika kwa mikono miwili, fimbo ameibana kwapani, akatufuata polepole mpaka parokia, mbele ya watu wote, akisoma kurasa zile moja baada ya nyingine. Kamba nilibaki nayo mimi.