Ukoka wa Bernardo kwenye Kaburi la Xavery

Simu ilimkuta Advera amepiga magoti mpakani mwa bustani ya baba yake, pale Ntalikwa, panga mkononi. Aliyepiga alikuwa mdogo wake Prosperi, akiwa hospitalini mjini.

"Dada, kaa chini."

"Nimepiga magoti."

"Basi endelea kuomba, dada. Baba ametutoka."

Advera hakumwambia kwamba hakuwa akisali, alikuwa aking'oa ukoka. Aliiweka simu chini, akachomeka panga tena ardhini, akavuta kamba nyingine ya ukoka mpaka ikakatika. Ndipo akalia.

Ukoka ule ulikuwa wa jirani yao, Bernardo. Xavery, baba yake Advera, alitumia ujana wake wote kwenye genge la reli, kati ya Tabora na Urambo, akifyeka majani yasifunike njia ya treni. Alipostaafu alipanda maua kuzunguka kaburi la mkewe, nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi alikata machache ya kupeleka altareni. Katikati ya maua alifagia ardhi ikabaki tupu, kwani kwao majani yakiota uani, watu huuliza wenye nyumba wamehamia wapi.

Kisha Bernardo akahamia jirani, akapanda ukoka uwanja mzima. Ukoka ukatambaa, ukaingia kwenye maua. Xavery akachimba mfereji mwembamba mpakani, akawa anaupitia kwa panga kila wiki. Kamba zilizovuka alizianika juu ya bati, maana ukizitupa chini zinaota tena.

Hawakuwahi kugombana. Bernardo alikuwa Mgogo, na Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara.

"Mgogo, umekosa ng'ombe sasa unafuga nyasi!" Xavery alikuwa akimpigia kelele. "Zimevunja zizi tena, njoo uzichukue!"

"Ziache zilale kwako, Mnyamwezi. Labda zitakufundisha kupumzika."

Siku ya mazishi, vijana walichimba kaburi kando ya lile la mama. Nafasi ilikuwa finyu, basi udongo wakautupa upande wa Bernardo, juu ya ukoka, na majembe yakavichanganya. Advera aliona yote kutoka mkekani. Udongo ule ule ndio ungerudi juu ya baba yake, na mvua zikinyesha, ukoka ungewafunika wote wawili.

Akainuka. Shangazi yake, Marsiana, akamshika kanga.

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia udongo."

"Udongo una nini? Mfiwa hashiki jembe! Kaa, watu watasema umerukwa na akili."

Akakaa. Akainuka tena, akakalishwa tena. Rozari ilimpita vidoleni. Alianza Salamu Maria, akajikuta hajaimaliza, macho yakiwa kwenye lile rundo la udongo.

Jeneza lilipotolewa nje, alipita karibu na Bernardo.

"Shikamoo, baba. Ule udongo una ukoka."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akautazama udongo, akamtazama Advera. Halafu akapanda juu ya rundo, akaketi.

"Hazikwi mtu hapa!" akapaza sauti. "Mnyamwezi huyu ni mwizi! Anataka kuondoka na mifugo yangu. Koleo lisiguse udongo huu mpaka nyasi zangu zote zirudi!"

Watu wakacheka, hata Marsiana. Padre, aliyezoea watani, akafunga kitabu akasubiri. Vijana wakachuchumaa, wakaanza kuchambua udongo kwa vidole, naye Bernardo akikinga kofia.

"Ndama huyo anatoroka! Wewe mwenye shati jekundu, huoni?"

Advera akachuchumaa nao, na safari hii shangazi hakumzuia. Kofia ilipojaa, Bernardo aliimwaga juu ya bati la Xavery, juani. Akavua viatu, akasimama kando ya kaburi.

Padre akanyunyiza maji ya baraka. Jeneza likashushwa kwa kamba, taratibu. Prosperi akatupa udongo wa kwanza, Advera akafuata, kisha Bernardo. Kwaya ikaimba huku vijana wakifukia. Wakasimika msalaba kichwani, Advera akaweka maua ya bustanini, wakasali sala ya kuwaombea marehemu. Watu wakanawa mikono kwenye beseni, wakaondoka mmoja mmoja.