Mdogo Wake Staringi

Kazi yangu ni kutafsiri filamu za Kizungu. Picha inacheza kwenye kompyuta, mimi nimeshika kipaza sauti, nasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti zao, halafu watu wanakuja kuingiziwa filamu kwenye flashi. Chumba changu kiko ghorofa ya pili, Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Nikirekodi nafunga dirisha na kuzima feni, kwa sababu kelele za feni zinaingia, na za wasukuma mikokoteni wa chini zinaingia pia. Jasho linanitoka mpaka miguuni.

Niseme jambo ambalo sijawahi kulisema. Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Ninachokielewa natafsiri, nisichokielewa natunga. Tena sitazami filamu kabla ya kurekodi. Sisi watafsiri tunakimbizana. Ukisema uitazame kwanza, mwenzako wa mtaa wa pili ameshaitoa.

Ndivyo nilivyoingia mkenge. Kulikuwa na shujaa mmoja wa barakoa ya njano, nilishatafsiri filamu zake tatu. Ikaja ya nne. Niko katikati ya kurekodi, staringi, yaani shujaa mwenyewe, akavua barakoa, nikaona sura ya mtu mwingine kabisa! Kijana mdogo, hana hata ndevu. Sikujua kwamba wenzetu wana tabia ya kuifuta hadithi yote na kuianza upya na mwigizaji mwingine. Kipaza sauti kiko wazi. Nikasema la kwanza lililonijia: "Watazamaji, kaka mtu alishafariki. Huyu ni mdogo wake, kavaa nguo za marehemu aendeleze kazi."

Siku chache baadaye akapanda ngazi mama mwenye duka la vitenge pale chini. Ni mama wa Kiarabu, mtu mzima, magoti yanamsumbua, hapandi ngazi bila sababu. Nikajua leo naumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile filamu ya barakoa umetafsiri wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa tu. Akaketi, akaanza kulia. Miezi michache nyuma alikuwa amemzika mwanawe mkubwa, ndiye aliyeendesha duka. Tangu hapo duka lilikuwa limefungwa, na mdogo mtu hakutaka hata kulikanyaga. Walikuwa wametazama filamu yangu pamoja sebuleni. Kesho yake asubuhi yule kijana alichukua funguo mwenyewe, akaenda kufungua.

"Mungu akuweke, mwanangu," akaniambia.

Nilipokuja kujua ukweli wa ile filamu, nilikuwa nimechelewa. Ningemwambia nini? Kwamba hakuna marehemu wala mdogo wake, ni staringi yule yule kabadilishwa sura? Filamu mbili zilizofuata niliulea uongo wangu. Kila staringi akinyamaza kidogo, mimi nilimfanya anamkumbuka kaka yake. Mama akawa hasikilizi mtafsiri mwingine ila mimi, na mimi nikawa naishi kwa hofu ya siku atakayokaa na mtu anayejua Kiingereza.

Mwaka huu wameanza upya tena. Sikuwa nimeigusa filamu, mama akaniita nikipita mlangoni pake. Dukani alikuwa peke yake. Mwanawe alikuwa amesafiri kwenda Tunduma kufuata mzigo.

"Nimeona picha kwenye simu ya jirani," akasema. "Barakoa ile ile, sura nyingine." Akashusha sauti. "Na mdogo mtu naye amekufa?"

"Sijaitazama bado, mama."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikisema amekufa, nimemtabiria mama wa watu msiba wa pili, na mtoto mwenyewe yuko njiani na malori. Nikisema ukweli, namnyang'anya kilichomsimamisha. Siku tatu sikurekodi. Kila simu ikilia pale chini, nilisimama ngazini nikisikiliza kama kuna kilio.

Siku ya nne mlango wangu ukagongwa. Alikuwa yule kijana, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Akaingia, akaufunga mlango nyuma yake. Nikajisogeza kwenye kona, nikijua napigwa.

"Bro, mi nimesoma shule ya Kiingereza toka chekechea," akasema. "Najua wanaanza upya tu. Nilijua toka siku ile."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Maza alikuwa hali chakula. Ulivyosema kavaa nguo za marehemu, akanigeukia akanitazama, halafu akaomba wali. Nikaona bora nikafungue duka." Akakaa kwenye kiti changu, akajifuta uso. "Toka nimeshuka kwenye gari ameniuliza mara tatu kama mdogo mtu amekufa. Nakuomba kitu kimoja, kaka. Usiniue."

Nilifunga dirisha, nikazima feni. Akabaki amekaa pembeni yangu, ananitazama mdomo. Barakoa ikavuliwa, sura mpya ikatokea, nami nikasema: "Watazamaji, mdogo mtu yu hai, mzima wa afya. Amesafiri kufuata mzigo. Huyu kamshikia nafasi tu mpaka arudi."

Mama alicheka alipoisikia, kijana akaja kunipa habari. Mimi sikucheka. Wataanza tena, najua, na yule kijana atasafiri tena. Siku hizi nikisikia wametangaza sura mpya, kabla sijauliza lolote, nashuka kwanza chini kuangalia kama duka limefunguliwa.