Kelele ya Ramazani

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilivaa tai ya baba mkubwa, nikafika saa moja asubuhi, nikaambiwa kwamba kazi yenyewe ni kusikiliza hadisi. Nilicheka. Bwana Profesa hakucheka. Alikuwa ametoka chuo kikuu cha Ulaya kuja kuchunguza hadisi za watu wetu hapa Kisangani, mji ambao katika ile miaka ya hamsini ulikuwa ungali unaitwa Stanleyville. Alitaka karani wa kuandika kwa mashine, mwenye Kifaransa, Lingala na Kingwana, Kiswahili chetu cha huku. Mimi nilikuwa na vyote hivyo, na kiburi juu yake.

Nyumbani papa, yaani baba yangu, aliyefanya kazi kwenye boti za mtoni, aliniuliza: "Kulipwa juu ya kusikia hadisi? Ile iko kazi ao muchezo?" Nikamjibu kwamba ni kazi ya chuo kikuu. Jioni nilimsikia akijisifia kwa majirani.

Bon, ninyi vijana mnaosoma hadisi chuoni na simu mkononi, acheni niwaeleze tulivyofanya. Kila hadisi ilikuwa na fishi yake, yaani kadi ngumu. Juu niliandika jina la mtambaji na mtaa wake, katikati muhtasari, na chini kabisa kiini. Kiini ni lile jambo linalojirudia katika hadisi za watu mbalimbali: mboloko, yule paa mdogo mjanja, anamdanganya chui, mke anakatazwa kufunua chungu, naye anafunua. Profesa alizipanga fishi kwa viini vyake kama mama wa sokoni anavyopanga samaki, wakubwa huku, wadogo kule. Sauti tulizinasa kwa manyetofone, mashine nzito yenye magurudumu mawili ya utepe, iliyokula umeme wa maporomoko ya Tshopo. Haikuwa na adabu ile mashine. Ilinasa kikohozi, kuku, mlango, hata tumbo langu lenye njaa, mpaka fishi ikatengewa mstari wa kelele.

Kwa sababu hiyo Profesa alibandika karatasi ukutani, herufi kubwa: KIMYA. Mtambaji peke yake ndiye wa kusema. Sisi wengine, hata kupumua tupumue kidogo.

Sasa hapo ndipo nilipokosea. Kwetu hadisi haiendi kwa mtu mmoja. Mtambaji anatoa maneno machache, anatulia, na aliyekaa mbele yake anamwitikia: "Mbele!" Hapo ndipo anaendelea. Usipomwitikia, umemwambia chakula chake hukitaki. Nililijua hilo tangu kunyonya. Lakini mtu mwenye tai atabishana vipi na karatasi ya Profesa? Nikanyamaza, na nikaona nimenyamaza kisomi kabisa.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja fundi viatu. Alisema sentensi mbili, akangoja, akangoja, akaomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Mpaka leo hajarudi. Wa pili vilevile. Wa tatu nilimleta kwa hesabu zangu mwenyewe: Bibi Mwasiti, mshona kofia, mzaliwa wa zile familia za Kiislamu za zamani za mjini, ambaye hakuna aliyemshinda kwa hadisi. Tena alikuwa bibi yake Zaina, msichana niliyekuwa nimemposa, na neno la huyo bibi ndilo lililokuwa limebaki. Nilitaka anione nilivyo mtu wa maana.

Alikuja na Zaina akimshika mkono. Akakaa, akapanga kitambaa chake, akaanza: "Mboloko na chui walilima shamba moja." Akatulia. Magurudumu yakazunguka. Profesa akampungia mkono. "Endelea, tafadhali," akasema, kwa ule Kiswahili chake alichojifunza kitabuni. Bibi hakumtazama hata kidogo. Alinitazama mimi. Nami nikautazama ukuta.

Akainuka polepole. "Zaina, twende. Huyu kijana, hata hadisi ya bibi inamushinda kuitika. Siku utalia ku nyumba yake, atakuitika?"

Wallahi, nilitamani udongo unimeze. Kesho yake wakatuma mtu: mambo ya ndoa yasimame kwanza. Na Profesa naye, bila kujua lolote, akanipa yake. Alikuwa na tepe tatu, kila moja ina sentensi moja au mbili na kimya kirefu. Akasema mimi ndiye ninayechagua watambaji wabovu, na Jumamosi isipopatikana hadisi nzima, Jumatatu atakaa karani mwingine kwenye kiti changu. Donc, nilikuwa napoteza kazi na mke kwa wiki moja, na vyote kwa kunyamaza.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda kwa Bibi Mwasiti na kilo ya sukari. Nilikaa chini mkekani, nikamweleza karatasi, mashine, kila kitu. Alishona mpaka uzi ukaisha. Kisha akasema atarudi, lakini nitaitika. Nikamwambia nikiitika, Profesa atanifukuza. Akajibu: "Basi utachagua. Mimi kesho nitaleta hadisi, weye utaleta mudomo." Nyuma ya pazia nilimsikia Zaina akicheka.

Jumamosi akaketi palepale. "Mboloko na chui walilima shamba moja." Akatulia. Nikafungua mdomo: "Mbele!"

Profesa aligeuka mwekundu kama mafuta ya mawese. Aliinua mkono kuzima mashine. Lakini bibi alikuwa ameshaondoka na hadisi yake, akiimba sauti ya chui, akinguruma, akicheka kwa meno ya mboloko, na kila alipotulia nilimsukuma: "Mbele!" Zaina, aliyemleta, naye akaanza kuitika. Ule mkono wa Profesa ulibaki hewani, kisha ukashuka gotini. Utepe ulikwisha kabla ya hadisi kwisha.

Profesa aliusikiliza wote, peke yake, mara mbili. Kisha akaniita. "Ramazani, umeivunja sheria yangu. Sauti yako imejaa kila mahali. Nitaiandika wapi?" Nikamwambia aandike jina langu. Fishi haikuwa na nafasi ya mwitikiaji, kwa hiyo aliliweka kwenye mstari uliokuwepo. Hivi ndivyo ilivyosomeka: Mtambaji, Bibi Mwasiti. Kelele, Ramazani. Jumatatu nilikuta ukuta mtupu. Ile karatasi ya KIMYA alikuwa ameigeuza, na nyuma yake ameandika orodha ya watambaji wa kualikwa.

Mwezi uliofuata nilioa. Baadaye tulitumwa Opala, kwenye mto Lomami, mashine ikila betri ya lori, na huko Profesa mwenyewe aliitika: "Mbele!" kwa pua yake ya Kizungu. Watu walivunjika mbavu, hadisi zikatoka kama kumbikumbi baada ya mvua.

Yeye akarudi kwao. Chuo kikuu kilipofunguliwa hapa kwetu nilipewa stoo ya tepe na fishi, nikafanya kazi chini ya wakuu wa idara wanne, hadi nikastaafu. Siku ya kuniaga, ukumbi ulijaa wakubwa wenye suti. Mkuu wa chuo akasema: "Papa Ramazani, utuambie maneno." Nikasimama na tai ileile ya baba mkubwa. Nikasema: "Kulikuwa kijana mmoja aliyelipwa kusikiliza hadisi." Nikatulia.

Kimya. Madaktari, maprofesa, vitabu vyote vile kichwani, wananitazama tu. Nikangoja. Niliona mkuu wa itifaki anatafuta maji ya kuniletea.

Ndipo kutoka viti vya nyuma, sauti ya mwanamke mzee, kavu kidogo, ambayo ningeitambua hata katikati ya soko:

"Mbele!"

Ni Zaina wangu. Basi nikaendelea.